Taarifa Moja Kuingia Mara Mbili, au Isiingie Kabisa: Kinachotokea Tukibonyeza "Chapisha"

Wasikilizaji wanaotufuata kwa simu huuliza maswali mawili yanayopingana. La kwanza: kwa nini taarifa moja ya tovuti inaingia kwenye simu mara mbili, hata tatu, kana kwamba mtangazaji amesahau kuwa ameshaituma? La pili: kwa nini siku nyingine taarifa inasomwa hewani, ipo kwenye tovuti, lakini ujumbe wake haufiki? Maswali yote mawili yana jibu linaloanzia sehemu moja, nayo ni zile sekunde chache baada ya mtu wa chumba cha habari kubonyeza "Chapisha".

Usidhani ni jambo la mafundi peke yao. Mvuvi wa Ukara au Kome anayepanga kutoka usiku kufuata dagaa anahitaji kujua kama angalizo la upepo alilosoma saa 10 jioni bado ni lile lile ifikapo saa 2 usiku. Ziwa letu hupata radi nyingi usiku kuelekea alfajiri, wakati ule ule ambao mitumbwi na taa zake iko majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa onyo kwa ngazi: angalizo, halafu tahadhari, halafu tahadhari kubwa. Ujumbe wa pili usipofika, mvuvi anabaki na wa kwanza mkononi akiamini ndio wa mwisho.

Ndoano

Tovuti nyingi za redio, shule, parokia na vikundi zimejengwa kwa WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Kazi yake kuu ni kuhifadhi makala na kuionyesha. Yenyewe haijui habari za SMS, wala bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kazi hizo za ziada huletwa na plagini, au na maelekezo ambayo fundi ameyaandika kwa lugha ya kompyuta. Maelekezo hayo huitwa msimbo. Vijana wengi husema kodi, ingawa hii haihusiani na ile ya TRA.

Ili msimbo ujue muda wa kuanza kazi, WordPress imeacha sehemu maalumu ambapo fundi anaweza kuuning'iniza. Kwa Kiingereza sehemu hizo zimepewa jina lenye maana ya ndoano, na kwa sisi watu wa ziwa jina hilo halihitaji mwalimu. Makala inapita, ndoano inanasa. Ndoano inayotumika sana inaitwa save_post, na maana yake ni "makala inapohifadhiwa". Soma tena: inapohifadhiwa, siyo inapochapishwa. Sehemu kubwa ya taabu tunayoizungumzia imo ndani ya tofauti hiyo.

Makala moja huhifadhiwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Mwandishi anahifadhi rasimu akiwa amefika nusu. WordPress nayo hujihifadhia kila baada ya dakika moja hivi wakati mtu anaandika, ili umeme ukikatika kazi isipotee. Toleo la zamani huwekwa pembeni. Mhariri anaingia kurekebisha jina la kijiji. Hata makala ikitupwa kapuni, kule kutupwa nako ni kuhifadhiwa kwa hali mpya. Mara zote hizo ndoano inanasa. Msimbo ulioandikwa kwa haraka, unaosema "makala ikihifadhiwa tuma SMS", utatuma SMS wakati mwandishi bado anahangaika na aya ya pili, kisha utatuma tena akichapisha, kisha tena mhariri akiondoa koma.

Kwa hiyo fundi mwangalifu huanza kwa kuuliza. Je, huku ni kujihifadhi kwa programu yenyewe? Je, hili ni toleo la zamani? Je, hii ni makala ya habari au ni ukurasa wa "Kuhusu sisi"? Na swali kubwa kuliko yote: makala ilikuwa na hali gani kabla, na sasa ina hali gani? Swali hilo lina ndoano yake, transition_post_status, ambayo humpa fundi hali zote mbili, ya zamani na mpya. Ikiwa ilikuwa rasimu na sasa imechapishwa, tuma. Ikiwa ilikuwa imechapishwa na bado imechapishwa, hayo ni marekebisho, nyamaza. Juu ya hapo huwekwa alama kwenye makala yenyewe inayosema "imeshatumwa", ili hata mtu akiirudisha kuwa rasimu na kuichapisha upya, msimbo uione alama hiyo na kukaa kimya.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Kwao kazi imekwisha: taarifa haijirudii tena. Kwa mtu wa redio hapo ndipo tatizo jingine linapoanza. Angalizo la upepo limechapishwa mchana. Jioni linapandishwa kuwa tahadhari, na mhariri anafungua makala ile ile, anabadilisha neno, anabonyeza "Sasisha". Msimbo unaona iliyochapishwa imebaki iliyochapishwa. Unanyamaza, kama ulivyofundishwa. Tovuti iko sahihi, simu ya mvuvi haiko sahihi, na hakuna aliyeona kosa lolote kwenye kioo. Naona ni heri kumsumbua mtu kwa SMS mbili za upepo kuliko kumnyima ya pili. Njia iliyo salama ni kwamba onyo lililobadilika ngazi liandikwe kama makala mpya yenye saa yake, au mhariri awekewe kisanduku cha kutia tiki cha "tuma tena", ambacho hutumiwa kwa kukusudia.

Ujumbe usipofika kabisa

Ukimya una sababu nyingi kuliko kelele, na kuutafuta ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kelele hujitangaza.

Sababu ya kwanza ni saa. WordPress ikifungwa upya mara nyingi hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Mtangazaji anapanga makala itoke 06:00, yaani saa 12 asubuhi. Kama hakuna aliyeiambia tovuti kuwa iko upande wa Dar es Salaam, makala itatoka 09:00 ya huku kwetu, saa 3 asubuhi, wakati waliorudi na dagaa wameshauza. Ongeza hapo mazoea yetu ya kuhesabu saa kwa Kiswahili: mtu anayeandika 12:00 akiwaza saa 12 asubuhi amepanga makala ya saa 6 mchana. Mashine haina habari na jua letu.

Sababu ya pili inawashangaza hata waliozoea. Makala iliyopangwa kutoka baadaye haina mtu wa kuibonyeza. WordPress ina ratiba yake ya ndani, lakini ratiba hiyo kwa kawaida huamka pale tu mtu anapofungua tovuti. Usiku wa manane, kama hakuna mgeni, hakuna wa kuiamsha. Makala ya saa 11 alfajiri inaweza kukaa hadi mtu wa kwanza atakapoamka na kuwasha bando. Tiba yake inajulikana: seva yenyewe ipewe kazi ya kuiita ratiba hiyo kila baada ya dakika chache, bila kusubiri mgeni.

Hata ikitoka kwa wakati, SMS inaweza isitoke. Misimbo mingi hukagua kwanza kama aliyebonyeza ni mtumishi mwenye ruhusa, na ni vizuri ikague. Makala inapotoka kwa ratiba, hakuna mtumishi aliyeingia na hakuna fomu iliyojazwa. Msimbo unakuta kiti kitupu, unaamua hii si halali, unaondoka bila kusema neno. Ukiona tovuti ambayo makala za kubonyezwa kwa mkono zinatuma ujumbe na za kupangwa hazitumi, anzia hapo.

Sababu ya tatu ni ndoano kunasa mapema mno. Mhariri wa kisasa wa WordPress alikuja na toleo la 5.0 mwezi Desemba 2018, na namna yake ya kuhifadhi ni tofauti. Huhifadhi kwanza kichwa na maandishi, kisha kundi la makala na picha yake kubwa, katika zoezi hilo hilo. Ndoano ya save_post hunasa baada ya hatua ile ya kwanza. Tuseme msimbo umeambiwa utume SMS kwa makala za kundi la "Hali ya Hewa" tu. Unaangalia kundi, haulioni, unaacha. Nusu sekunde baadaye kundi linaingia, lakini ndoano imeshapita. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukihifadhi rasimu kwanza na kuichapisha baadaye, ujumbe unakwenda; ukiandika na kuchapisha moja kwa moja, hauendi. Tangu toleo la 5.6 la Desemba 2020 ipo ndoano nyingine, wp_after_insert_post, inayosubiri mpaka kundi na picha viwe vimeingia.

Mtandao ukiyumba

Kuna hitilafu moja inayozaa kelele na ukimya kwa pamoja, na huku kwetu, ambako mtandao huyumba, ni ya kawaida. Msimbo umewekwa uwasiliane na mtoa huduma wa SMS pale pale mwandishi anapobonyeza "Chapisha". Mwandishi yuko Nansio, mtandao unapanda na kushuka. Mawasiliano yanachelewa, kioo kinasema kuchapisha kumeshindikana. Ukweli ni kwamba makala imeshachapishwa na SMS zimeanza kutoka. Kilichoshindikana ni jibu kumrudia yeye. Anabonyeza tena, kama mtu yeyote angefanya. Kama ile alama ya "imeshatumwa" huwekwa mwishoni baada ya SMS zote kwenda, bado haijawekwa, na orodha nzima inapigwa mara ya pili, kwa gharama.

Dawa ni kutenganisha kazi. Kubonyeza "Chapisha" kuandike tu kwenye foleni kwamba makala hii inasubiri kutumwa, mwandishi apewe jibu lake aendelee, kisha utumaji ufanyike pembeni ukitia alama kila kundi la namba linapokwisha.

Msimbo kujizunguka wenyewe ni jambo la kueleza kwa sentensi chache. Fundi anaandika: makala ikihifadhiwa, rekebisha kichwa chake kisha uihifadhi. Kuhifadhi kunaamsha ndoano, ndoano inahifadhi, na mzunguko hauishi mpaka kumbukumbu ya seva ijae na ukurasa ubaki mweupe. Msimbo unatakiwa ujiondoe kwenye ndoano kabla ya kuhifadhi, ukimaliza ujirudishe.

Wewe uliye upande wa kusoma

Ukipokea ujumbe mbili zinazotofautiana, fuata wenye saa ya karibuni, halafu fungua makala yenyewe uangalie saa iliyoandikwa juu. Ukurasa ukionyesha habari ya jana, upakie upya. Simu na seva zote hutunza nakala ya ukurasa ili kupunguza bando, na nakala hiyo inaweza kuchelewa kubadilika. Kiungo kilichotumwa WhatsApp huweza kubaki na kichwa cha zamani hata baada ya makala kurekebishwa, kwa hiyo usihukumu onyo la hali ya hewa kwa kile kijisanduku, ingia ndani. Na ukituma picha ya kioo kwenye kundi la mtumbwi wenu, hakikisha saa na tarehe zinaonekana.

Wewe unayeangalia tovuti ya AMCOS, shule au kikundi

Usijaribu kwa orodha ya watu halisi. Tengeneza nakala ya tovuti yenye namba moja tu, yako. Zima plagini zote zinazogusa uchapishaji, kisha uziwashe moja moja, ukichapisha makala ya majaribio kila mara. Jaribu njia zote: rasimu halafu kuchapisha, kuchapisha moja kwa moja, kusasisha, kupanga kwa saa, kurudisha kutoka kapuni. Msimbo unaofaulu njia moja unaweza kufeli nyingine nne.

Usiandike maneno ya majaribio yatokee kwenye ukurasa. Mhariri wa kisasa husubiri jibu lenye mpangilio maalumu kutoka kwa seva, na neno moja la ziada linaharibu jibu hilo hata kama makala imehifadhiwa vizuri. Utajikuta unafukuza hitilafu uliyoileta mwenyewe. Badala yake, kwenye faili la wp-config.php washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG, na uzime WP_DEBUG_DISPLAY. Kuanzia hapo makosa, pamoja na maneno unayoagiza msimbo uandike, huingia kwenye daftari liitwalo debug.log ndani ya folda ya wp-content. Uagize msimbo uandike kila unapoamka: saa ngapi, makala namba ngapi, hali ya zamani, hali mpya. Bonyeza "Chapisha" mara moja, kisha hesabu mistari. Ikiwa ni mitatu, umeshajua kwa nini watu walipata SMS tatu. Ikiwa hakuna hata mmoja, ndoano yako haijaning'inizwa, au plagini imezimwa.

Ukimaliza, zima yote hayo na ufute daftari lile, maana kwenye seva nyingi mtu yeyote anayejua anwani yake anaweza kulisoma, na namba za simu za wanachama wenu zinaweza kuwa humo.