Kamba Aliyefika Bila Jina

Ukiketi kula kamba katika mji mdogo wa Breaux Bridge, jimbo la Louisiana, huenda usiletewe sahani. Meza hutandikwa magazeti, kisha humwagwa juu yake kamba waliochemshwa kwa chumvi na pilipili, wekundu, bado wanafuka mvuke, pamoja na mahindi na viazi. Mlaji humshika kamba kichwani kwa mkono mmoja na mkiani kwa mwingine, akamnyonga hadi akatike, akafyonza mchuzi wa kichwani, ndipo akamenya mkia. Kinachotoka ni kipande cha nyama kisichozidi kidole cha mwisho. Kazi ni kubwa na shibe yake ndogo, lakini watu hukaa hapo jioni nzima. Mnyama huyo wa maji baridi wanamwita crawfish. Ukimwita crayfish, kama zilivyozoea kamusi za Uingereza, wanajua papo hapo kuwa wewe ni mgeni.

Majina yote mawili yana asili moja. Wafaransa wa kale walisema escrevisse, neno lililotoka katika lugha za Kijerumani na lenye undugu na jina la kaa. Waingereza wakalipokea kama crevis. Kufikia karne ya 16, silabi ya mwisho ilikuwa imeanza kusikika kama fish, yaani samaki, na mnyama mwenye magamba magumu na miguu kumi akaingizwa katika ukoo wa samaki kwa kosa la sikio. Kwetu sikio limefanya kazi kama hiyo: Waarabu walituletea kitab, tukaisikia ki- ya mwanzo kuwa ni yetu, tukapata vitabu.

Kabla ya Wafaransa na Waingereza, Louisiana ilikuwa na wenyewe. Watu wa Houma walikuwa na kamba mwekundu kuwa alama yao ya vita. Baadaye wakaja Waakadia, wasemaji wa Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza huko Nova Scotia kuanzia mwaka 1755, wakahamia kwenye vinamasi vya Louisiana miaka ya 1760. Kwao alikuwa écrevisse. Kwa muda mrefu alihesabiwa chakula cha maskini, na kumla kulikuwa ishara ya unyonge. Ndiyo maana naliona kuwa jambo zito tendo la bunge la jimbo mwaka 1959, lilipoitangaza Breaux Bridge kuwa makao makuu ya dunia ya kamba huyo, na kulitangaza hilo kwa Kifaransa, lugha ambayo watoto wa Kiakadia walikuwa wameadhibiwa shuleni kwa kuisema. Leo wakulima wengi wa mpunga hujaza maji mashambani baada ya mavuno, wakatega humo mitego ya waya hadi majira ya machipuko.

Ukitoka Louisiana kwenda kaskazini na magharibi, jina linageuka. Huko ni crawdad, na kuna wanaosema mudbug, mdudu wa tope. Watafiti wa kamusi kubwa ya lahaja za Marekani, waliozunguka jamii 1,002 kati ya mwaka 1965 na 1970, walikusanya tofauti za namna hii kijiji kwa kijiji. Wamarekani walilifanya jina hilo kuwa kitenzi pia: tangu karne ya 19, mwanasiasa anayerudi kinyumenyume na kumeza ahadi yake husemwa kuwa ame-crawfish. Aliyewahi kumshtua kamba mtoni anaelewa mara moja, kwa maana hukunja mkia na kuruka nyuma.

Nje ya Marekani jina lenyewe huhama na kushika mnyama mwingine. Afrika Kusini ukiagiza crayfish utaletewa kamba koche wa baharini. Nigeria utapimiwa uduvi waliokaushwa, wa kusaga na kutia kwenye supu. Waaustralia wana yabby, neno walilolichukua kwa wenyeji wa Victoria.

Bara la Afrika halina kamba wa maji baridi wa jamii hii wa asili yake, ingawa Madagaska inao. Kwa hiyo lugha zetu za bara hazikuwa na sababu ya kumpa jina. Kiswahili kilizaliwa pwani, na kamba wake ni wa chumvi: mvuvi wa Lamu au Bagamoyo hutofautisha kamba, kamba koche na uduvi bila kusita. Ndipo mwaka 1970 kamba mwekundu wa Louisiana akatiwa katika Ziwa Naivasha, ili awe chakula cha samaki waliokuwa wameletwa kutoka Marekani na awe bidhaa yenyewe. Kufikia katikati ya muongo huo alikuwa akivuliwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji ya ziwa ilikuwa karibu imetoweka, na watafiti wakamnyooshea kidole yeye, kwa kuwa hula majani pamoja na kila kilichojificha humo. Wengine walimtazama kwa tumaini, kwa sababu anakula pia konokono wanaobeba kichocho.

Mnyama wa uzito huo, mwenye faida na hasara za kiasi hicho, anastahili jina lake mwenyewe. Kumwita kamba tu ni kumchanganya na wa baharini asiyefanana naye kwa maisha wala kwa madhara, na kumwacha na jina la Kiingereza ni kuwaachia mazungumzo yake wauzaji na wataalamu. Mimi nasema kamba wa Naivasha. Amekaa pale zaidi ya miaka hamsini, na mashimo yake yamo kwenye tope la ukingo, chini ya mafunjo.