Hati ya Shehena kutoka Karatasi hadi Data: Historia ya Nakala Halisi Isiyotaka Kuhama

Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia safari ya shehena ya bidhaa zinazohitaji ubaridi kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya. Ilibainika kwamba safari hiyo moja ilipita mikononi mwa watu na taasisi zipatazo 30, na kuzaa mawasiliano zaidi ya 200. Makontena yalikuwa yamekwisha kuleta mapinduzi ya uchukuzi tangu 1956, wakati meli Ideal X ilipopakia makontena 58 kutoka Newark kwenda Houston. Vipi basi sanduku liende haraka na karatasi yake ibaki nyuma?

Jibu la haraka ni kuwalaumu watu kwa kuogopa kompyuta. Insha hii inaona kwamba jibu hilo halitoshi, kwani forodha, ambayo aghalabu hutuhumiwa kwa urasimu, ilihamia kwenye data mapema. Mfumo wa ASYCUDA wa Umoja wa Mataifa ulianza kubuniwa 1981. Kenya ikaanzisha mfumo wake wa Simba mwaka 2005, na Tanzania ikaingia TANCIS mwaka 2014. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tayari kulikuwa na kanuni ya kimataifa ya EDIFACT, iliyopanga kila taarifa katika nafasi yake maalumu, ili mashine isome uzito kama uzito na jina la mpokeaji kama jina la mpokeaji. Hilo ni tofauti kabisa na kupiga picha karatasi: picha huhitaji jicho la karani, na karani akichapa upya ndipo makosa yanapozaliwa.

Tofauti iko katika asili ya hati yenyewe. Tamko la forodha ni taarifa, na taarifa haipungukiwi thamani ikinakiliwa mara mia. Hati ya shehena inafanya kazi tatu: ni stakabadhi ya nahodha kwamba amepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi, na ni ufunguo wa mali. Kazi hii ya tatu ndiyo iliyoleta taabu. Katika shauri la Lickbarrow dhidi ya Mason, lililoanza kuamuliwa London mwaka 1787, mnunuzi wa Rotterdam alikuwa amewahamishia wengine hati ya mzigo uliokuwa njiani kwenda Liverpool, kisha akafilisika kabla ya kumlipa muuzaji. Mwaka 1794 baraza la wazee wa mahakama lilithibitisha kwamba, kwa desturi ya wafanyabiashara, kuikabidhi hati iliyosainiwa nyuma huhamisha mali iliyo baharini. Tangu hapo benki ziliweza kukopesha kwa kushika karatasi tu. Zikaishika kwa nguvu.

Kompyuta, kwa upande wake, kazi yake ni kunakili. Nakala mbili za ufunguo mmoja ni wizi unaosubiri siku yake. (Desturi ya kutoa nakala halisi tatu, iliyotokana na hofu ya barua kupotea baharini, ilikuwa hatari ya aina hiyo hiyo, ila wafanyabiashara walikwisha kuizoea.)

Jaribio la kwanza kubwa lilikwepa tatizo badala ya kulitatua. Mwaka 1986 benki ya Chase Manhattan na chama cha wenye meli za mafuta, INTERTANKO, walianzisha SeaDocs: karatasi ilifungiwa London, na uhamisho ukaandikwa katika daftari kwa njia ya ujumbe wa siri. Mpango haukufika mbali. Wauzaji wa mafuta hawakutaka benki moja ijue nani amemuuzia nani. Bolero, iliyofuata mwaka 1999, iliwafunga wanachama kwa mkataba wao kwa wao; asiyekuwa mwanachama hakufungwa. TradeLens ya Maersk na IBM, iliyotangazwa 2018, ilitangaziwa kifo chake Novemba 2022 kwa kukosa ushirikiano wa sekta nzima.

Kikwazo cha kisheria kiliondolewa kwa hatua. Sheria ya mfano ya UNCITRAL ya 2017 ilipendekeza kwamba mwenye udhibiti wa pekee wa rekodi ya kielektroniki ahesabiwe kama mwenye kuishika karatasi. Uingereza, ambako mahakama zilishikilia kuwa kitu kisichogusika hakiwezi kushikwa, ilitunga sheria yake iliyoanza kutumika 20 Septemba 2023. Mwaka huo huo kampuni kubwa za makontena ziliahidi kuacha hati za karatasi ifikapo 2030.

Kwa msafirishaji wa maparachichi wa Kenya, anayesubiri malipo ya benki huku tunda likiendelea kuiva, ahadi hiyo si jambo dogo. Hati inayotolewa Mombasa yaweza kuchagua sheria ya Uingereza itawale mkataba. Lakini mdai akienda mahakamani kuzuia kontena lingali bandarini, swali la nani mwenye mali kwa kawaida huamuliwa kwa sheria ya mahali mali ilipo, na hapo jaji atafungua kwanza vitabu vya nchi yake.