Kutoka Winda hadi Pampasi: Makosa ya Ushonaji na Wanawake Walioyarekebisha

Wiki hii tunaweka pembeni lesi na shela za harusi. Tuna neno juu ya nepi, maana mabibi harusi wengi tuliowashonea sasa wanarudi kwetu wakiwa wajawazito, na ombi lao ni moja: nishonee nepi za kufua, pampasi zitanimaliza pesa. Wengine wanakuja na walizojishonea wenyewe. Nzuri kwa macho, lakini zinavuja mapajani, au mtoto ameshatoka upele. Tukizigeuza ndani nje tunakuta makosa yaleyale, na mengi yao yana umri mkubwa kuliko sisi sote. Yalishafanywa zamani, na aghlabu aliyeyatafutia dawa alikuwa mama mwenye cherehani nyumbani kwake.

Tuanze hapa kwetu. Kabla ya neno nepi kuzoeleka, mtoto alifungwa winda: kitambaa cha pembe nne, kikakunjwa pembetatu, kikapitishwa katikati ya miguu na kufungwa kiunoni. Mara nyingi kilikuwa kipande cha kanga kuukuu, na msidhani ni umasikini tu. Vitambaa vipya vilikuwepo. Baada ya Seyyid Said kutiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Unguja pamba nzito isiyopaushwa, na mpaka leo kitambaa hicho tunakiita merikani. Lakini pamba mbichi ina nta yake ya asili. Ikiwa mpya, maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba, na haianzi kunywa mpaka ifuliwe na kufuliwa tena. Kanga kuukuu ilikuwa imeshafuliwa miaka. Ni laini, inakunywa, na ikianikwa kamba moja ya jua inakauka.

Ndiyo maana tunasikitika tukiona mtu amenunua flana au taulo jipya dukani, akalikata siku hiyo hiyo. Fua kwanza kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu au nne, ukaushe, ndipo ushike mkasi. Kuna na sababu ya pili: pamba hupungua, lakini kitambaa cha nje chenye utando wa plastiki hakipungui. Ukivishona pamoja kabla pamba haijafuliwa, baada ya wiki nepi inakunjamana na miguu haikai tena mahali pake.

Ulaya na Marekani nako mtoto alifungwa kitambaa kilichokunjwa, wakikibana kwa pini. Mwaka 1849 Walter Hunt wa New York alipata hataza ya pini inayojifunga, waya mmoja uliokunjwa, wenye chemchemi upande mmoja na kofia ya kuficha ncha upande wa pili. Aliiuza hataza hiyo kwa dola 400, na waliotajirika ni wengine. Pini ile ilipunguza kuchomwa, haikukomesha. Na kitambaa chenyewe kiliendelea kulowesha shuka, kitanda na nguo ya mama.

Dawa iliyofuata ilikuwa suruali ya raba juu ya kitambaa. Ilizuia maji kweli, lakini ilizuia na hewa. Joto na mkojo vikakaa pamoja kwenye ngozi, na mtoto akatoka upele. Kosa hili tunaliona kila mwezi: mama anashona nepi kwa plastiki ya kitambaa cha meza, akidhani kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyofaa.

Hapo ndipo anapoingia Marion Donovan, mama wa Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa mvumbuzi mwenye kiwanda, na yeye alikulia humo. Mwaka 1946, akiwa amechoka kubadilisha mashuka, alichukua pazia la bafuni, akalikata na kulishona liwe kifuniko cha nepi. Hakuridhika na la kwanza. Baadaye alihamia kwenye nailoni ya parachuti, nyepesi zaidi, na pini akaziondoa kabisa, akaweka vifungo vya plastiki vya kubonyeza. Kifuniko akakiita Boater. Alipokipeleka kwa wenye viwanda walimwambia hakuna mwanamke aliyeomba kitu kama hicho. Jibu hilo linatuchekesha, maana wanawake gani waliulizwa? Akatengeneza mwenyewe, na mwaka 1949 kikaanza kuuzwa Saks Fifth Avenue, duka la wenye uwezo huko New York. Mwaka 1951 alipata hataza na kuuza haki zake kwa dola milioni moja.

Dada unayeshona biashara, itazame kazi ya Donovan kwa jicho la fundi. Kuondoa pini hakukuwa usalama wa mtoto peke yake. Kila tundu kwenye kitambaa kisichopitisha maji ni mlango wa maji. Kwa hiyo usibane kitambaa cha nje kwa pini wakati wa kushona, tumia vibanio vya kuanikia nguo. Tumia sindano nyembamba, na usipige mshono wa kupendezesha katikati ya makalio, pale panapolowa zaidi. Uzi uwe wa polista. Uzi wa pamba unakunywa mkojo kama utambi wa kandili unavyokunywa mafuta, ukautoa nje. Ni hivyohivyo kwa kitambaa cha ndani kikichungulia nje ya mguu, hata kidogo sana: nguo ya mtoto italowa ingawa nepi haina tundu. Kata pedi ya kunyonya iwe ndogo kuliko kifuniko, na ukingo wake uishie ndani ya lastiki. Lastiki nayo usiivute kwa nguvu zako zote. Ikiacha alama nyekundu pajani baada ya saa moja, fumua.

Mwaka uliofuata, ng'ambo ya bahari, Valerie Hunter Gordon wa Uingereza alikuwa na mtoto wake wa tatu na hakutaka tena kufua nepi. Mumewe alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1947 alishona kifuniko cha nailoni ya parachuti kuukuu, na ndani akaweka pedi ya kutupa. Wake wa wanajeshi wenzake wakazitaka, na kwa mashine yake ya nyumbani alishona zaidi ya 400. Mwaka 1949 alifikia makubaliano na kiwanda cha Robinson and Sons, na zikauzwa kwa jina la Paddi.

Kwa maoni yetu, huyu ndiye wa kuigwa zaidi visiwani, ingawa pedi yetu ni ya kufua. Alitenganisha kifuniko na pedi. Nepi zilizoshonwa tabaka tano pamoja hazikauki ndani, hasa masika, na hunuka hata zikiwa zimefuliwa. Shona pedi mbalimbali, au zishike upande mmoja tu, zifunguke kama ulimi zikianikwa.

Tohara nayo inarahisika. Wanafiqhi wetu wa madhehebu ya Shafi anatofautisha mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula chochote ila maziwa, ambao hunyunyiziwa maji, na wa mtoto wa kike, ambao huoshwa. Choo huoshwa kwa wote. Pedi inayotoka peke yake unaiondolea najisi kwanza, unaimiminia maji, ndipo inakwenda kwenye ndoo ya sabuni. Na dawa ile ya kulainisha na kunukiza nguo isiguse nepi kabisa. Inaacha utando kwenye nyuzi, na kitambaa kinarudi kuwa kama merikani mpya. Mafuta ya nazi yakizidi kwenye makalio ya mtoto hufanya vivyo hivyo.

Donovan alikwenda mbele, akawapelekea wenye viwanda vya karatasi wazo la nepi ya kutupa inayoondoa umajimaji kwenye ngozi. Hawakumsikiliza. Mwaka 1961 kampuni ya Procter & Gamble, ambako mhandisi Victor Mills aliongoza kazi hiyo, ilitoa Pampers. Za mwanzo bado zilifungwa kwa pini. Kwetu jina likageuka kuwa la kila nepi ya kutupa, hata ya kampuni nyingine.

Kwa anayetuagiza sasa: mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Vifuniko 6 vinatosha, lakini pedi zianzie 24. Usishone zote mara moja kabla hujamwona mtoto. Shona vifuniko viwili, mjaribishe mapaja, kisha umalizie. Unayejifungulia masika, ongeza pedi 10, na kamba ya kuanikia ifungwe barazani.