Mkimbizi aliyekuwa rais kwa miezi mitatu

Juzi kwenye foleni ya maji tulibishana sana: mtu ambaye hajawahi kuwa hata waziri anaweza kuongoza nchi? Wengi walimtaja Trump na Zelensky. Sisi tukasema tuanze na wa karibu, Melchior Ndadaye wa Burundi.

Huyu alikuwa mkimbizi kama sisi. Mwaka 1972, watu walipokuwa wanauawa Burundi, alikimbilia Rwanda akiwa na miaka 19. Huko akasoma, akafundisha, akakaa zaidi ya miaka kumi. Aliporudi 1983 alifanya kazi kwenye ushirika wa akiba na mikopo, baadaye benki. Jela pia aliionja, 1988. Hakuwa waziri, hakuwa mwanajeshi, wakati marais watatu waliomtangulia, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote walitoka jeshini.

Tarehe 1 Juni 1993 alimshinda Buyoya kwa kura kama asilimia 65. Buyoya akakubali matokeo (tuseme ukweli, sio kila rais anakubali).

Wazee wetu wengine hapa kambini wanasema alianguka kwa kukosa uzoefu. Watusamehe, hapo hatukubaliani. Waziri mkuu alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke, Mtutsi, tena wa UPRONA, chama kilichoshindwa. Asiyejua siasa hafanyi hivyo. Shida ilikuwa jeshi: ikulu alipewa, ila jeshi lilibaki lilelile. Tarehe 3 Julai, hata hajaapishwa, wanajeshi walijaribu kupindua wakashindwa. Oktoba wakarudi, na tarehe 21 wakamuua. Wakamuua pia spika wa bunge, Pontien Karibwami, na makamu wake, Gilles Bimazubute, yaani wale ambao kikatiba wangeshika nafasi yake. Mtu aliyekuwa waziri miaka 20 angezuia vipi hilo?

Labda uzoefu ungesaidia kwenye mashamba. Wakimbizi wa 1972 walianza kurudi, wakakuta wengine wanalima ardhi yao, na hofu ikaingia pande zote mbili. Miezi mitatu haitoshi kumaliza kesi za miaka 20.

Baada ya kifo chake waliuawa Watutsi na Wahutu, na mamia ya maelfu wakakimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Bibi wa mwenzetu mmoja alikuwa amerudi kwao Septemba, akapanda maharage. Waliyavuna wengine.