Robert Wangila: Kutoka Ndondi za Ridhaa hadi Ndondi za Kulipwa, 1988–1994

Historia ya ndondi nchini Kenya humkumbuka Robert Wangila kwa pambano moja: fainali ya Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alipomshinda Mfaransa Laurent Boudouani kwa nokauti katika raundi ya 2 na kutwaa medali ya dhahabu ya uzani wa welta. Kenya haijapata dhahabu nyingine ya Olimpiki katika ndondi. Hata hivyo, ushindi huo hauelezi safari yake yote. Unahitaji kusomwa sambamba na pambano lake la mwisho.

Seoul haikuwa ajali. Philip Waruinge alikwisha kupata shaba mwaka 1968 na fedha mwaka 1972, na mwaka huohuo wa 1972 Richard Murunga alipata shaba katika uzani uleule wa welta. Kususiwa kwa michezo ya 1976 na 1980 kuliukata mfululizo huo. Aidha, uamuzi wa majaji huko Seoul ulilaumiwa vikali, hasa Mmarekani Roy Jones alipotangazwa kushindwa na Park Si-hun wa Korea Kusini. Wangila, kwa kumaliza fainali yake kwa ngumi, hakuwaachia majaji neno la mwisho.

Sifa hiyo ndiyo aliyokwenda nayo Marekani alipoingia katika ndondi za kulipwa. Lakini ulingo ulikuwa na masharti mengine. Pambano la ridhaa wakati huo lilikuwa na raundi 3 za dakika 3, yaani dakika 9 kwa jumla, na bondia alivaa kofia ya kinga. Katika ndondi za kulipwa kofia hiyo haikuwapo, na raundi ya 9 huanza baada ya dakika 24 za kupigana. Nguvu iliyotosha kumaliza shindano la kwanza ililazimika kugawanywa katika la pili, na kila raundi iliyoongezeka iliongeza pia ngumi alizozipokea.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, Wangila alipambana na David Gonzales. Mwamuzi alilisimamisha pambano katika raundi ya 9. Wangila alipinga uamuzi huo. Baadaye alizirai, na tarehe 24 Julai alifariki akiwa na umri wa miaka 26. Upinzani wake una uzito katika tathmini hii: bondia aliyekuwa karibu na kifo aliamini kwamba angeweza kuendelea. Kwa hiyo kauli ya bondia mwenyewe haiwezi kuwa kipimo cha usalama wake, na lawama kwamba mwamuzi aliharakisha haina mashiko.

Boudouani, aliyeanguka Seoul, naye aliingia katika ndondi za kulipwa. Mwaka 1996 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA.