Celica ya Mjomba na Swali la Asili

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaniuliza, "Sasa boss, tunairudisha vile ilitoka kiwandani ama tunaichokoza?"

Nilimwambia anipe wiki moja. Imekuwa miezi mitatu.

Gari lenyewe ni Toyota Celica GT-Four, ile ya mwili wa mviringo ambayo wenyewe huiita ST185. Mjomba wangu aliinunua mwishoni mwa miaka ya tisini, ikiwa imetumika Japani, akaiendesha katika barabara za Nakuru hadi macho yalipoanza kumsaliti. Kisha ikakaa chini ya mwembe miaka tisa, kuku wakilalia kiti cha nyuma. Sasa imekuwa yangu, na swali la fundi limekuja nayo. Lilionekana kuwa swali la pesa, lakini kila nikilisogelea naona ni la historia.

Nianze na turbo, maana bila turbo hakuna mtu angejali gari hili. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda, ili petroli zaidi ipate hewa ya kuungua nayo. Ndiyo siri yote. Kwa sisi wa nyanda za juu siri hiyo ina uzito wa pekee. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini ya kawaida hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Injini ya turbo hujisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo haiumii sana. Mtu akikuambia vijana wa Rift wanapenda turbo kwa sababu ya kelele tu, mwambie akapande Mau Summit na gari la abiria watano bila turbo, halafu mzungumze.

Nchi hii iliijua turbo kwenye Safari Rally kabla haijaijua kwenye barabara ya kwenda sokoni. Safari ilianza mwaka 1953, ikiwa mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka thelathini ilishindwa na magari ya injini za kawaida. Mwaka 1983 Audi Quattro, yenye turbo na kuvuta kwa magurudumu yote manne, ilidhaniwa itatufundisha adabu, lakini aliyeshinda ni Ari Vatanen ndani ya Opel Ascona isiyo na turbo wala kuvuta kwa mbele. Mwaka uliofuata Björn Waldegård alikuja na Celica Twin Cam Turbo, akashinda. Juha Kankkunen akashinda nayo 1985, Waldegård tena 1986. Hiyo Celica ilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na kule Ulaya ilikuwa imeshapitwa na wakati. Katika ubingwa wa dunia ilishinda mara sita, zote Afrika: tatu hapa, tatu Ivory Coast. Napenda kuwakumbusha watu jambo hilo.

Mwaka huohuo wa 1986 madaraja yaligeuzwa. Magari ya Group B yalikuwa na nguvu kupita kiasi, na kiwanda kilihitaji kutengeneza 200 tu ili yaruhusiwe. Baada ya watazamaji kuuawa Ureno, na Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto kufia Corsica, yakapigwa marufuku. Likabaki Group A, ambalo sheria yake ilikuwa hivi: ukitaka kushindana na gari fulani, kwanza tengeneza magari 5,000 ya namna hiyo ndani ya miezi 12 uyauze kwa watu wa kawaida.

Sheria hiyo ndiyo mama wa gari la mjomba wangu. Toyota hawakuiwekea Celica turbo na gia ya kuvuta magurudumu manne kwa sababu wakazi wa Nagoya walizililia. Waliziweka kwa sababu walitaka kushinda, na mwananchi akauziwa kilichotakiwa na mashindano. Hata ilipoonekana kwamba ST185 inapata joto, wakatoa toleo lingine la magari 5,000, ambalo Japani liliitwa RC na Ulaya likapewa jina la Carlos Sainz, lenye boneti tofauti na intakula ya kupozwa kwa maji. Yetu si hiyo. Yetu ni ya kawaida, nguvu za farasi 225 kwa hesabu ya Kijapani, na intakula yake imelazwa juu ya injini, ikingoja upepo kupitia tundu la boneti. Kwenye foleni ya Nairobi upepo huo haupo, na intakula hugeuka kikaango.

Kwa hiyo fundi anapodai kwamba intakula ihamishiwe mbele, nyuma ya bampa, hasemi upuuzi. Anasema walichokisema wahandisi wenyewe miaka michache baada ya kuliuza gari: hapa kuna tatizo. Na orodha yake ni ndefu kuliko hapo. Turbo ya CT26 ina tabia ya kupata ufa kwenye kasha lake la chuma upande wa moshi, na yetu ina ufa. Kipimo cha hewa ni kile cha zamani chenye kipande kinachosukumwa na hewa mithili ya mlango, na kinaizuia injini kupumua. Kompyuta ya gari hukata petroli msukumo ukizidi kama paundi 12. "Tafuta injini ya Caldina GT-T," fundi asema, "ni familia moja, 3S ileile, lakini farasi 260, haina hicho kimlango, na spea ziko Kirinyaga Road." Kweli tupu. Tena injini ya Caldina itagharimu nusu ya kuihudumia hii ya zamani kwa vipuri halisi, ambavyo vingine Toyota hawatengenezi tena, na vinavyopatikana huuzwa na watu wanaojua kwamba huna pa kwenda.

Upande wa pili wa mizani kuna jamaa mmoja wa Nairobi aliyekuja kuliona. Akaniambia nikilirudisha kwenye hali ya kiwandani, hadi stika, atalipa bei ambayo sitaitaja hapa maana mke wangu husoma makala hizi. ST185 ambazo hazijachezewa zimekuwa adimu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo zilizopo ni zilezile zilizoingia zamani, na nyingi zimekatwa, zimeshushwa, zimepigwa rangi ya zambarau. Kila anayechokoza yake anaipandisha bei ya yule aliyetulia.

Basi "hali ya kiwandani" ni ipi? Nililiuliza swali hili nikidhani jibu ni rahisi. Nikaanza na redio. Redio iliyotoka Japani hushika masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kila aliyenunua gari la Japani anaijua hadithi hii, na kile kidude cha kupanua masafa ambacho husikika kama mtu anayekaanga samaki. Mjomba alikitumia mwaka mmoja, kisha akaing'oa redio yote akaweka nyingine. Ile ya asili iko ndani ya boksi, imefungwa kwa gazeti. Nikiirudisha nitakuwa na gari kamili, na bubu.

Halafu kuna snokeli. Mwaka 1994, Pasaka, Ian Duncan alishinda Safari ndani ya Celica kama hii, David Williamson akimsomea ramani. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mkenya tangu Shekhar Mehta mwaka 1982, na hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari katika miaka inayohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia. Mwaka uliotangulia Celica zilikuwa zimechukua nafasi nne za kwanza, Duncan akiwa wa tatu. Wa nne nyuma yake 1994 alikuwa Patrick Njiru na Subaru Impreza, na naamini kabisa kwamba mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana deni kubwa kwa siku hiyo, ila hiyo ni makala nyingine.

Celica ya Duncan haikuwa kama ile ya dukani. Mbele ilikuwa na vyuma vya kusukuma wanyama. Kando ya kioo cha mbele lilipanda bomba la kuvutia hewa, ili gari likiingia mtoni injini isinywe maji. Nchi yetu ndiyo iliyoyadai hayo. Timu iliyolitayarisha ilikuwa Cologne, Ujerumani, chini ya Ove Andersson, ambaye mwenyewe alishinda Safari 1975 na Peugeot 504, kwa hiyo alijua udongo mweusi wa hapa unavyoweza kumfedhehesha mtu.

Mjomba aliyaona magari hayo yakipita, akiwa amesimama kando ya barabara na chupa ya chai. Miaka michache baadaye, alipopata ya kwake, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa fundi wa jua kali akamwambia atoboe fenda ya kulia na apandishe bomba la bati. Halikuwa na kazi yoyote, Nakuru mjini hakuna mto wa kuvuka. Lilivuja mvua ikinyesha. Lakini kwa miaka ishirini kila aliyemfahamu alimfahamu kwa bomba hilo.

Jamaa wa Nairobi alipoliona alicheka. "Hiyo itabidi itolewe, na fenda ibadilishwe."

Wenye magari ya zamani duniani wana shirikisho lao, FIVA, lenye mwongozo uitwao Mkataba wa Turin. Nilikuwa natarajia usomeke kama amri za walinzi wa makumbusho, nikakuta una busara zaidi ya hapo. Unapendelea kuhifadhi kuliko kufanya upya. Unaheshimu alama ambazo gari lilizipata likiwa bado kazini. Mabadiliko ya baadaye yafanane na umbo la asili, na ikiwezekana yawe ya kuondoleka bila kuacha jeraha. Kwa kipimo hicho bomba la bati la mjomba lina haki zaidi kuliko fenda mpya ya kununuliwa jana, kwa sababu lilifungwa wakati gari likiwa na maisha yake, na mwenyewe.

Wanaotetea "asili" kama kitu kitakatifu wangepaswa pia kukumbuka mwaka 1995. Toyota walikuwa wamehamia Celica iliyofuata, ST205. Sheria zilizitaka turbo zipumue kupitia tundu lisilozidi milimita 34, ili nguvu zisizidi. Katika mashindano ya Catalunya wakaguzi waligundua kwamba turbo za timu hiyo zilitengenezwa kwa namna kwamba ukilikaza bomba la hewa, kizuizi chenyewe kinasogea, hewa inapita pembeni yake. Ukilifungua ili kukagua, kila kitu kinarudi mahali pake kama mtoto aliyesikia hatua za baba. Max Mosley, rais wa FIA wakati huo, hakuficha kwamba alivutiwa na ustadi wa kazi ile, halafu wakafungiwa miezi 12. Naitaja habari hii bila nia ya kuwasema waliokwisha kuadhibiwa. Ninachosema ni kwamba gari hili lilizaliwa katika ukoo wa kuchokoza. Kulifanya sanamu ni kulisingizia.

Mwezi jana nilimpeleka mjomba gereji. Haoni vizuri, kwa hiyo alilizunguka kwa mkono, bampa, taa, mlango. Alipofika kwenye fenda akaligusa bomba, akacheka kidogo. Nikamweleza yote: Caldina, jamaa wa Nairobi, intakula, bei. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja tu.

"Injini bado ni yake?"

Nikamjibu ni yake.

"Inakunywa oili?"

"Hapana, mzee. Ni turbo ndiyo imepasuka."

"Basi mbona unataka kumzika mtu anayepumua?"

Fundi aligeukia ukuta akajifanya anatafuta spana.

Tumeamua hivi, na najua wengine hawatakubaliana nami. Injini inabaki. Turbo inabaki CT26, kasha jingine limepatikana, bei yake imeniuma. Intakula inahamia mbele, lakini kwa mabano ya kufungwa kwa bolti, bila kukata chuma chochote, na ile ya asili inaingia kwenye boksi pamoja na redio. Kompyuta haiguswi. Rangi itapigwa upya pale tu kutu ilipokula. Jamaa wa Nairobi nimempigia simu nikamshukuru.

Fenda haibadilishwi. Fundi ameomba ruhusa ya kuweka raba kwenye tundu ili mvua isiingie, nami nimempa.