Khabari za baba aliyetumika baharini

Wako wazee wetu wa pwani waliotumika katika jeshi la majini la Waingereza wakati wa Vita vya Pili. Kijana wa miaka 18 mwaka 1942 leo angekuwa na zaidi ya miaka 100, kwa hiyo khabari zake tutazipata kwa binti zake: mama na bibi zetu.

Tunapowasikiliza, tulinganishe na tarehe. Bibi akisema baba yake aliikuta Kilindini imejaa manowari, huenda ni 1942, Waingereza walipozihamishia huko baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon. Akitaja meli iliyotoka Mombasa ikazama na askari wetu, huenda ni Khedive Ismail, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwamo wanawake 77, wengi wao wauguzi.

Bi harusi, kabla hujahamia kwako, keti na mama mfungue sanduku. Pigeni picha medali na barua, muandike jina la mzee, la baba yake na la babu yake. Nyumba na minazi hugawiwa kwa mirathi. Khabari isiyoandikwa hairithiwi. Allah awarehemu wazee wetu. Amin.